Kiwiko cha Zaina Dirishani

Wajukuu wangu wananisumbua niutoe mlango wa banda la kuku. Wanasema umeoza, unaiaibisha nyumba, na fundi wa hapa jirani anaweza kunitengenezea mwingine wa mbao mara moja. Mimi huwajibu kwamba kuku wenyewe hawajalalamika. Mlango huo ni wa gari, mlango wa kushoto wa pikapu ya zamani, wenye nafasi ya dirisha ambayo nimeiziba kwa wavu. Rangi yake ilikuwa ya kijani. Sasa ni kutu tupu, isipokuwa sehemu moja kwenye ukingo wa dirisha ambako bati limesuguliwa likawa laini kama mpini wa jembe la siku nyingi.

Juzi nilirudi kutoka Mwankoko kumzika Zaina. Nilipofika nyumbani sikuingia ndani, nilikaa kwenye kigoda karibu na banda, na viatu vya msibani bado viko mguuni. Jua la mchana lilikuwa limeupiga ule mlango, na mlango ukipata moto hutoa harufu ya petroli, samli na ngozi mbichi. Wajukuu walikuja wakanusa, wakasema ni harufu ya kuku. Hawana pua hawa.

Nimeona wivu mwingi katika maisha yangu. Nimewaonea wivu wanawake wenye mabati nilipokuwa bado naishi kwenye tembe, nimewaonea wivu waliozaa mapacha, na kuna mwaka nilimwonea wivu mke wa katekista kwa sababu ya mwavuli wake tu. Lakini hakuna binadamu niliyemwonea wivu kama Zaina binti Mkumbo. Wivu wangu kwake nilikuwa naamka nao asubuhi na kulala nao. Na wote ulitoka kwenye mlango huu.

Baba yangu, mzee Msengi, alikuwa mchuuzi wa samli na ngozi pale Mtinko. Pikapu aliipata kwa Mzungu mmoja mpima ardhi aliyekuwa anarudi kwao, akampa ng'ombe, Mzungu akawauza ng'ombe mnadani akaenda zake. Ilikuja ikiwa tayari imezeeka. Taa yake moja ilikuwa kipofu, na bodi la nyuma lilikuwa limefungwa kwa kamba za ngozi. Ililala kwetu usiku mmoja tu. Kijiji kizima kilikuja kuiangalia, watoto wakajiona kwenye kioo chake cha pembeni, na baba mkubwa Gunda, kaka yake baba, akaizunguka na kuizunguka. Mimi niliota nikiwa nimekaa ndani. Asubuhi yake baba akaipeleka Mwankoko kwa rafiki yake Mkumbo, na huko ndiko ikawa inalala.

Mkumbo alikuwa amepata kuwa dereva jeshini, kule Burma, wakati wa vita ya Wazungu. Baba hakujua hata kuliwasha gari. Kwa hiyo watu wazima waliona ni jambo la kawaida likae kwa anayejua kuliendesha. Mimi sikuona ukawaida wowote. Kitu ni chetu, kinalala kwa watu, na kwa watu hao kuna msichana wa rika langu.

Nilimwuliza mama wakati anakamua. Aliniambia bila kugeuka kwamba baba amemwekea Mkumbo gari kama watu wanavyowekeana ng'ombe. Hilo nililijua, kwa sababu ng'ombe wetu wengine walikuwa kwa watu, na zizini mwetu walikuwemo wa wengine. Kwetu mtu hawezi kuweka ng'ombe wake wote mahali pamoja. Humpa rafiki amtunzie. Maziwa ni ya mtunzaji, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Na ng'ombe akifa, mtunzaji humchuna akaipeleka ngozi kwa mwenyewe. Mwenyewe akiipokea na kusema ameiona, basi mambo yamekwisha na urafiki upo pale pale. Akiikataa, maana yake anasema ng'ombe wake hakufa kwa haki, na mtunzaji atalipa kutoka zizi lake.

"Na gari nalo ni hivyo?" nikamwuliza mama.

"Gari nalo ni ng'ombe tu," akasema. "Maziwa yake ni mizigo anayobebea watu. Hayo ni ya Mkumbo."

"Ni jike au dume?"

Mama alicheka mpaka ng'ombe akasogea na maziwa yakamwagika kidogo. "Litakuwa jike hilo," akasema. "Dume gani anabeba hivyo?"

Sikuhitaji kusikia zaidi. Kama ni jike, litazaa, na ndama ni wetu. Nikaanza kumngoja. Nilimwona kabisa kichwani mwangu, kigari kidogo cha kijani chenye taa mbili nzima, kikilala kwenye zizi la ndama pamoja na wale wengine, na mimi nikikifungulia asubuhi. Sikumwambia mtu, kwa sababu kitu kizuri ukikitangaza kinachukuliwa. Hayo nilikuwa nimekwisha kujifunza.

Siku za mnada Mtinko, pikapu ilikuja kutoka upande wa Singida na vumbi lake. Tulianza kuliona vumbi kwanza, halafu tukasikia mngurumo, halafu honi, maana Mkumbo alipenda kupiga honi akifika kwenye mibuyu ya mwisho. Watoto wote wakakimbia. Mimi nilitembea. Nilijiambia mwenye mali hakimbii. Na pale mbele, upande wa kushoto, alikuwa amekaa Zaina, kitambaa cheupe kichwani, mkono ametoa nje ya dirisha, kiwiko kimelala juu ya mlango kama cha bibi wa bwana shauri, yule Mzungu wa serikali. Hakutupungia. Hakutabasamu hata. Aliangalia mbele tu, uso mkavu, mpaka gari lisimame, na hata likisimama hakushuka upesi kama watoto wengine ambao wangeruka. Alingoja baba yake azunguke amfungulie mlango.

Amfungulie mlango! Baba yangu mimi hakuwahi kumfungulia mtu mlango, hata wa zizi. Nilikuwa nasimama pembeni, karibu na wauza vitunguu, miguu imejaa vumbi hadi magotini, namtazama Mkumbo anamshusha binti yake kwa kumshika mkono. Nyumbani nilikuwa naenda kwenye ukuta wa zizi, naweka kiwiko juu yake, nakaza uso, naangalia mbele. Mama alinikuta siku moja akaniuliza kama shingo inaniuma.

Nilimwomba baba anipeleke Singida kwa gari. Aliahirisha na kuahirisha, hatimaye akakubali, nami nikaoga tangu alfajiri na kujipaka samli mpaka nikang'aa. Nilipofika garini Zaina alikuwa amekwisha kaa pale pake, kiwiko nje, baba akakaa katikati, na mimi nikainuliwa kama mbuzi nikawekwa nyuma juu ya ngozi zilizokunjwa. Kulikuwa na mbuzi wa kweli pia. Nilisafiri njia nzima nikiwa nimeshikilia ukingo wa bodi, ngozi zinanuka, mbuzi ananila gauni, na mbele yangu kuna kidirisha kidogo ambamo niliona kisogo cha Zaina na mikia ya nywele zake iliyosukwa vizuri. Nilikitazama kile kisogo mpaka nikakijua kuliko changu. Nilitamani mlango wake ufunguke aanguke. Niliomba hivyo, kwa Mungu yule yule niliyefundishwa kumwomba chakula na afya.

Tulipopita kwenye korongo, gari likaruka, mbuzi wakanilalia, na nilipoinuka nikaona kichwa cha Zaina kimepotea kwenye kidirisha. Kisha kikarudi ghafla. Mkumbo alikuwa amemshika bega kwa mkono mmoja, na baba yangu naye amemwinamia. Nikajua wanacheka. Wanacheka huko mbele, baba yangu akiwa katikati yao, na mimi nimekaliwa na mbuzi.

Mwaka uliofuata mvua zilikatika mapema. Mtama ulitoa masuke yasiyo na kitu, na visima vikaanza kutoa matope badala ya maji. Siku ya mnada ikafika, hatukuona vumbi lolote upande wa Singida. Ya pili ikawa hivyo hivyo. Ndipo mtu aliyepita na punda akaleta habari kwamba gari la Msengi ni gonjwa, limelala kwa Mkumbo na haliamki.

Baba na baba mkubwa Gunda walikwenda kwa miguu kuliona. Waliporudi, baba alikaa nje ya tembe, na baba mkubwa ndiye aliyesema yote, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani. Rejeta ilikuwa imeliwa na chumvi. Mkumbo alikuwa anaitilia maji ya ziwa, yale machungu ambayo hata mbwa huyanusa akayaacha. Rejeta ikatoboka, injini ikachemka, kichwa chake kikapasuka. Fundi mmoja Singasinga wa mjini alikuwa amelifungua akasema linatengenezeka, lakini vitu vyake vitatoka Dodoma, na kwa bei ya vitu hivyo mtu akiongeza ng'ombe wengine kidogo anaweza kupata gari jingine lenye afya. Tena gari lenyewe lilikuwepo, kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa anahama.

Basi maneno yakawa hayo tu nyumbani kwetu: kutengeneza au kununua jingine. Yalianza na uji wa asubuhi na kuendelea mpaka ng'ombe warudi. Baba alikuwa na huruma na lile gari kuukuu. Alisema anajua magonjwa yake yote, na gari jipya lina magonjwa usiyoyajua. Halafu baada ya muda mfupi angesema kwamba kila ukilitibu hapa linaumwa pale, na mtu hawezi kumaliza zizi kwa ajili ya ng'ombe mmoja asiyepona. Angechukua kijiti achore magurudumu mavumbini, ayafute, achore tena. Na ng'ombe huku wanakonda. Kila alipochelewa kuamua, ng'ombe aliyetaka kumuuza alizidi kuonyesha mbavu, na mnadani watu hawanunui mbavu.

Baba mkubwa yeye alikuwa ameamua tangu njiani. "Mkumbo ndiye aliyeliua," alisema. "Alitengeneze kwa ng'ombe wake. Na wewe ununue hilo jingine, lilale hapa, mbele ya macho ya ndugu zako. Kwani sisi ni wachawi?"

Mama, aliyekuwa anachambua mlenda karibu nao, aliinamisha kichwa zaidi kwenye ungo. Alikuwa hataki lilale kwetu. Hakusema kwa nini, na mimi nilimchukia kidogo kwa hilo.

Kwa maana mimi nilielewa mambo haya kwa namna yangu. Kulitengeneza kulimaanisha kiwiko cha Zaina kurudi dirishani. "Jingine" lilimaanisha ndama. Nilikuwa nimengoja muda mrefu, na sasa wazee wenyewe wanasema liko jingine, liko mjini, ni zima. Nilifikiri limezaliwa huko na wanafanya siri. Nilikuwa nakwenda zizini kumfagilia. Mama aliona usafi ule akanisifu, akadhani nimeanza kuwa na akili.

Wakati baba bado anachora mavumbini, asubuhi moja tukaona punda anakuja kwa njia ya Singida. Ubavuni mwake kulikuwa na kitu kipana kimefunikwa kwa gunia, na upande wa pili amewekewa mawe kumsawazisha. Mkumbo alikuwa mbele. Zaina alikuwa nyuma, kwa miguu, vumbi hadi magotini kama mimi. Lazima niseme ukweli wa moyo wangu: nilifurahi kuona lile vumbi. Nilisimama pale mlangoni kwetu nikalitazama kwa raha.

Walitusalimu, tukawasalimu. Nilimwamkia Mkumbo, akaniitikia marahaba kwa upole, akaniuliza kama nimekua au macho yake ndiyo yamepungua. Mama akawaletea maji, kidogo, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwepo. Baba mkubwa akatumiwa mtoto kumwita, akaja upesi. Mkumbo hakuketi. Alimfungua punda, akakishusha kile kitu, akakivua gunia, akakilaza chini mbele ya baba. Ulikuwa ni mlango wa kushoto.

"Msengi," akasema, "ng'ombe wako amekufa mikononi mwangu. Nimekuletea ngozi."

Baba mkubwa akacheka. "Hilo ni bati."

"Ndiyo ngozi aliyokuwa nayo," Mkumbo akajibu.

Baba hakucheka. Aliuliza swali linaloulizwa siku zote ngozi inapoletwa, kwa sauti ile ile wanayoulizia: amekufaje? Mkumbo akaeleza. Rejeta ilikuwa inavuja tangu zamani, na safari moja ilikuwa inakunywa debe zima. Kwake Mwankoko wanawake walikuwa wanakaa kisimani tangu jogoo la kwanza, wanachota kwa kibuyu, na mwenye bahati anarudi na nusu ya mtungi. Hakuweza kuchukua maji hayo akalinywesha gari mbele ya watoto wenye kiu. Ziwa lilikuwa karibu, akachota ziwani.

"Ulijua yatalidhuru?" baba akauliza.

"Nilijua. Jeshini tulifundishwa."

"Umesikia mwenyewe," baba mkubwa akasema. "Ikatae ngozi."

Pale ndipo nilipoelewa, hata mimi na utoto wangu, kwamba kule kuchora mavumbini kumefika mwisho. Baba akiukataa mlango, gari halijafa, na Mkumbo atalitengeneza kwa ng'ombe wake. Nilisikia baadaye kwamba walikuwa wamembakia wachache sana, wale wa maziwa ya watoto. Yeye mwenyewe alisema tu kwamba ngozi ikikataliwa atalitengeneza na hatabishana. Zaina alikuwa amesimama karibu na punda, anamtazama baba yangu bila kupepesa. Mimi nilikuwa nimebana kanga ya mama kwa meno. Pokea, nilisema moyoni, pokea, pokea, life, tuletewe letu.

Baba aliinama. Aliupitisha mkono juu ya ule mlango, taratibu, kama anavyopitisha juu ya ngozi kutafuta tundu la mkuki au alama ya moto. Akaugeuza, akaupitisha na upande wa ndani. Alikaa na kidole chake muda kidogo pale pa kitasa. Halafu akaunyanyua mwenyewe, akauegemeza kwenye ukuta wa nyumba yetu.

"Ngozi nimeiona," akasema.

Mkumbo alikaa chini ghafla, pale pale alipokuwa amesimama. Mama akaingia jikoni na nikasikia anasonga ugali kwa nguvu. Nami nilikuwa naruka ruka ndani ya ngozi yangu mwenyewe. Limekufa! Lile la Zaina limekufa, na ndama ni wetu.

Ndipo baba, wakiwa wamekwisha nawa mikono, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba atatoa ng'ombe mwezi huu huu kabla hawajakonda zaidi, anunue lile la mwenye duka. Akachukua tonge. "Na litalala kwako," akamwambia Mkumbo. "Nani mwingine anayejua kuliendesha?"

Baba mkubwa aliondoka bila kugusa chakula. Mimi niliondoka bila kuambiwa. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikiwa sioni njia kwa machozi, na huko nikamkuta Zaina anampa punda makapi ya mtama. Kama angekuwa na akili angenikimbia.

"Umefurahi sasa," nikamwambia. "Utakaa tena mbele, utaringa, na mkono wako nje ya dirisha."

Alinitazama kama mtu aliyesemeshwa lugha ya mbali. "Nilikuwa naushika mlango," akasema.

"Mlango gani?"

"Mlango. Kitasa kilivunjika zamani. Baba alikuwa anaufunga kwa kamba, kamba inakatika. Nisipoushika unafunguka." Alipandisha mkono wa gauni akanionyesha. Chini ya kiwiko palikuwa na ngozi ngumu, nyeusi, yenye mistari, mahali ambapo ukingo wa bati ulikuwa umemla safari baada ya safari. "Kutoka nyumbani mpaka hapa sithubutu hata kujikuna. Siku ile ulipokuwa nyuma, mlango ulinishinda pale korongoni. Nilikwisha toka nje. Baba yako ndiye aliyenidaka gauni, halafu baba akanivuta bega."

Akashusha mkono wa gauni, akaendelea kumlisha punda. Hakusema ili nimhurumie. Alikuwa anajibu nilichomwuliza.

Ningependa kusimulia kwamba wivu uliniisha pale pale, tukakumbatiana, na punda akalia kwa furaha. Haukuisha. Ulihama tu. Nilipoelewa kwamba ule mlango ulikuwa umefunguka kweli, nilikaa juu ya jiwe na lile ombi langu la siku ile ambalo sikuweza kumwambia mtu, lakini wazo lililonijia halikuwa la Zaina kuanguka. Lilikuwa la ule mkono wa baba yangu. Wa baba yangu mimi, uliomdaka yeye. Nilijiuliza kama ungenidaka mimi vilevile, na nikamwonea wivu hata kule kuponea kwake chupuchupu.

Gari la pili lilikuja baada ya mvua. Lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, na hapo ndipo imani yangu ya ndama ilipokufa kifo chake, kwa sababu hata mimi sikuweza kukubali ndama anayempita mama yake. Rejeta yake haikuvuja. Milango yake ilifungwa kwa kubamizwa mara moja. Na siku ya mnada lilipoingia Mtinko na honi yake, nilimwona Zaina amekaa pale pale upande wa kushoto, lakini mikono yake yote miwili imelala mapajani. Hakukiweka tena kiwiko dirishani. Hakukiweka kamwe, miaka yote ambayo gari lile lilikuwa linakuja. Lilipokuwa linasimama alifungua mwenyewe, akaruka chini, akakimbilia wauza karanga kama sisi wengine.

Safari iliyofuata nilipanda nami mbele, akanipisha dirishani bila mimi kumwomba. Niliweka kiwiko changu juu ya mlango, nikakaza uso, nikaangalia mbele. Bati lilikuwa la moto kama kikaango. Nilivumilia mpaka tulipopita nyumba ya mwisho ambako watu wanatuona, halafu nikautoa mkono nikaupuliza. Zaina aliangalia pembeni, lakini niliyaona mabega yake yanacheka.

Mambo ya kwa nini gari halikulala kwetu niliyajua nilipokuwa tayari nimeolewa. Mama aliniambia, tena kwa kifupi, kwamba baba aliogopa jicho la kaka yake. Alikuwa ameona namna baba mkubwa Gunda alivyolizunguka gari ule usiku wa kwanza, na hakutaka ndugu wa tumbo moja wachukiane kwa ajili ya magurudumu. Akalipeleka mbali wivu usilifikie. Nilicheka mpaka nikalia. Maskini baba, alikuwa amelikimbiza gari kutoka kwa wivu wa nyumba ya jirani, na wivu mkubwa kuliko huo ulikuwa unalala kwenye ngozi ya kulalia ya pili kutoka kwake, unajipaka samli, unafagia zizi.

Mlango ulibaki umeegemea ukutani kwetu. Baba alipofariki ndugu waligawana ng'ombe, na mimi nikaomba mlango. Waliniona nimechanganyikiwa. Nikaufunga kwenye banda la kuku, nikautilia bawaba mbili, lakini kitasa sikukigusa. Tangu wakati huo jioni naufunga kwa jiwe. Zaina alipokuwa anakuja kunitembelea, akiwa ametangulia kuwa bibi kabla yangu, na hilo nalo niliona wivu, alikuwa anaupita bila kusema lolote, ila anaugusa kidogo pale panapong'aa, kama mtu anavyomgusa ng'ombe anayemfahamu.

Basi juzi, nimekaa pale na viatu vya msibani, jua likashuka na kuku wakaanza kurudi. Nililisukuma jiwe kando kwa mguu. Nikakaa karibu na mlango, nikaupitisha mkono wangu kwenye nafasi ya dirisha pale ambapo wavu umeachia, nikakilaza kiwiko mahali palipolainika, nikaushika usifunguke zaidi ya upana wa kuku mmoja. Kiwiko kiliingia pale barabara. Kuku wakapita mmoja mmoja, wakijadiliana. Mjukuu wangu akaja akaniuliza kwa nini nisitumie jiwe. Mkono ulikuwa umekwisha kuchoka, na jogoo alikuwa bado nje. Kutoka Mwankoko mpaka Mtinko ni mbali sana.